Sahihi ya mwanamke: Wamarekani hawakuzaliwa na haki hizi

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaikum. Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Malindi ambaye, katika barua uliyoichapisha wiki mbili zilizopita, aliandika kwamba haki za wanawake ni mali ya Wamarekani, kwamba wao walizaliwa nazo na sasa wanatuletea sisi kama mitumba, na kwamba mwanamke wa pwani anayezidai ameivua mila yake akavaa ya watu. Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, mingi kati ya hiyo hapa Lamu, na barua ile niliisoma mara tatu. Imeniudhi, sikatai, lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba msingi wake si kweli, na jambo lisilo kweli likishachapishwa na kuachwa bila jibu, watoto wetu hulichukua kuwa ni elimu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanamke wa Marekani alipoolewa, sheria ambayo nchi hiyo iliirithi kutoka Uingereza ilimhesabu yeye na mumewe kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Ujira wake ulikuwa wa mume. Mali aliyotoka nayo kwao iliingia chini ya mamlaka ya mume. Hakuweza kufunga mkataba wala kumshtaki mtu kwa jina lake mwenyewe. Jimbo la Mississippi lilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuilegeza sheria hiyo, mwaka 1839, na inasikitisha kusema kwamba mali iliyofikiriwa zaidi katika sheria ile mpya ilikuwa ni watumwa, yaani bibi mwenye shamba aliruhusiwa kummiliki mwanamke mwenzake. New York ilifuata mwaka 1848, lakini hata huko mke hakupata haki ya kushika ujira wa kazi yake mpaka mwaka 1860.

Naye mwanamke wa Lamu wa zama hizo alikuwaje? Bibi yangu mzaa mama alizaliwa na akafia katika nyumba ya mawe ya Mkomani ambayo mama yake alipewa alipoolewa, kwani ilikuwa desturi ya wenye uwezo wa mji huu kumpa binti nyumba, au kumjengea orofa juu ya nyumba ya wazazi wake, na pengine kuziunganisha nyumba mbili kwa wikio lililopita juu ya njia ili mama na binti watembeleane bila kutoka nje. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, ilikwisha kueleza karne nyingi nyuma kwamba wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi, yawe machache au mengi. Sikusudii kuingia katika mjadala wa kiasi cha mafungu, ambao una wenyewe. Wala sisemi kwamba wanawake wote wa mji huu walikuwa na hali hiyo, kwa sababu waliokuwa utumwani hapa Lamu hawakuwa na nyumba wala fungu, na historia inayowasahau hao haifai kufundishwa. Ninachosema ni kwamba katika jambo la kumiliki mali kwa jina lake, mke wa Kimarekani wa mwaka 1830 angeweza kumwonea wivu bibi wa bibi yangu.

Basi haki hizo walizipataje? Kwa kuandika, na kwa kuweka sahihi. Julai 1848, katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, walikutana watu wapatao 300 kwa siku mbili, wakiitwa na Elizabeth Cady Stanton, Lucretia Mott na wenzao. Waliandika tamko la malalamiko yao, na wanawake 68 pamoja na wanaume 32 wakatia sahihi. Mmoja wa wanaume hao alikuwa Frederick Douglass, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa na kutoroka, ambaye alisimama kulitetea dai la kupiga kura wakati hata baadhi ya wanawake wenyewe waliliona limepita kiasi. Magazeti mengi yaliwakejeli, na kejeli hizo ziliwatia baadhi yao haya hata wakaomba majina yao yafutwe. Bi Stanton yeye alisema kwamba kuandikwa kule, hata kwa kejeli, kutawafanya watu wafikiri. Nalikumbusha hili kwako wewe, Mhariri, kwa heshima.

Katika majina yale mna moja ambalo kila mwaka nililirudia darasani. Charlotte Woodward alikuwa msichana asiyetimiza miaka 20, na kazi yake ilikuwa kushona glovu nyumbani kwa malipo madogo. Mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha habari yake, mwanafunzi wangu alileta kofia ambayo mama yake alikuwa hajaimaliza, ya aina hii yetu ya kushona kwa mkono, sindano bado imechomwa pembeni na uzi mweupe ukining'inia. Tuliipitisha dawati kwa dawati. Wasichana waliinua tundu zake kwenye mwanga wa dirisha, wakazihesabu zile zilizomalizika kuzungushiwa uzi na zile zilizobaki alama za penseli tu, wakanieleza wenyewe, kwa kuwa wengi wao hushona, kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ya wiki kadhaa za jioni. Kisha nikawauliza: ikishauzwa kule mbele ya bahari, pesa hupokewa na nani? Darasa lilinyamaza, halafu mmoja akasema, "Hupokea kaka." Sikuhitaji tena kuwaeleza Charlotte alitia sahihi kwa sababu gani.

Ilimchukua Charlotte miaka 72 kuona wanawake wa nchi nzima wakiruhusiwa kupiga kura. Katika wote waliotia sahihi Seneca Falls, yeye ndiye pekee anayejulikana kuwa alikuwa hai mwaka 1920, naye siku ya uchaguzi alikuwa mgonjwa, asiweze kwenda.

Ya katikati ya miaka hiyo ni mengi na nitayapita upesi. Wyoming, kabla haijawa jimbo kamili, iliwapa wanawake kura mwaka 1869. Mwaka 1872 Susan B. Anthony alipiga kura mjini Rochester kinyume cha sheria ya wakati huo, akakamatwa, na mwaka uliofuata jaji akaliamuru baraza la mahakama limwone na hatia bila hata kuliacha lijadiliane. Alitozwa faini ya dola 100, ambayo hakuilipa mpaka akafa mwaka 1906. Ni kisa cha ujasiri, na nimekifundisha hivyo. Lakini nimewafundisha pia wanafunzi wangu kwamba Bi Anthony na Bi Stanton, wanaume weusi walipokaribia kupewa kura kwa rekebisho la 15 la katiba, lililoidhinishwa mwaka 1870, walilipinga kwa maneno ya dharau juu ya watu weusi, na harakati zao zikagawanyika mapande mawili kwa karibu miaka ishirini. Mtu anaweza kupigania haki yake na papo hapo akamnyima mwenzake.

Doa hilo halikutoka upesi. Tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla ya Rais Woodrow Wilson kuapishwa, maelfu ya wanawake waliandamana jijini Washington kudai kura. Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyezaliwa utumwani, ambaye alikuwa amehatarisha maisha yake kwa kuandika juu ya mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu, alikuja na ujumbe wa jimbo la Illinois. Akaambiwa atembee nyuma pamoja na weusi wenzake ili wanawake wa kusini wasichukie. Alikataa. Alijitenga, akakaa miongoni mwa watazamaji, na ujumbe wa Illinois ulipopita akaingia katikati yao, akatembea nao hadi mwisho. Mwaka huo huo wa 1913, huku kwetu, Mekatilili wa Menza alikuwa akizunguka vijijini kwa Wagiriama akicheza kifudu na kuwalisha watu kiapo wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi, mpaka alipokamatwa mwezi Oktoba na kupelekwa uhamishoni mbali na pwani, na bado akatoroka akarudi. Sanamu yake iko Malindi, mjini kwa msomaji mwenzangu. Hakuna Mmarekani aliyemfundisha.

Kuanzia Januari 1917 wanawake walioongozwa na Alice Paul walisimama kimya nje ya lango la ikulu ya Marekani, siku baada ya siku, wakiwa na mabango. Walikamatwa kwa kisingizio cha kuzuia njia, wakafungwa, na waliogoma kula wakalishwa kwa nguvu kwa mpira ulioingizwa mwilini. Rais Wilson, ambaye kwa muda mrefu alikwepa, hatimaye aliliunga mkono dai lao mwaka 1918, na bunge likalipitisha rekebisho la 19 la katiba, la kuwapa wanawake kura, mwaka 1919. Yalihitajika majimbo 36 kuliidhinisha. La 36 lilikuwa Tennessee, Agosti 1920, na hapo mambo yalishikwa na kura ya mtu mmoja, Harry Burn, mbunge wa miaka 24, aliyeingia bungeni na waridi jekundu kifuani, alama ya wapinzani. Mfukoni alikuwa na barua ya mama yake, Febb Burn, mjane mkulima, aliyemsihi awe mtoto mwema na awape wanawake kura. Alipoitwa jina akasema ndiyo. Kesho yake aliwaeleza wenzake kwamba ushauri wa mama ndio ulio salama zaidi kwa mwana kuufuata. Sisi tunaosema juu ya radhi ya mama kila siku tunamwelewa Harry Burn bila mkalimani.

Laiti ningeweza kuishia hapo, kama vitabu vingi vinavyoishia. Lakini rekebisho la 19 lilikuwa karatasi, na kati ya karatasi na sanduku la kura palikuwa na karani. Katika majimbo ya kusini, mwanamke mweusi aliyekwenda kujiandikisha alikuta kodi ya kura, mitihani ya kusoma iliyotungwa ili ashindwe, na vitisho. Tarehe 31 Agosti 1962, miaka 42 baada ya kura ile ya Tennessee, Fannie Lou Hamer, mchuma pamba, mtoto wa mwisho kati ya watoto 20, alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola, Mississippi, kujiandikisha. Karani alimpa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze, akaambiwa ameshindwa. Jioni ile ile mwenye shamba, ambaye Bi Hamer alikuwa amemfanyia kazi kwa miaka 18, alimwambia achague kati ya kuiondoa fomu yake na kuhama. Akahama usiku huo. Mwaka uliofuata alikamatwa katika mji wa Winona akapigwa ndani ya mahabusu hata akapata madhara aliyoishi nayo hadi kufa. Agosti 1964 alilieleza yote hayo mbele ya kamati ya chama cha Democratic mjini Atlantic City, huku televisheni zikirusha, na Rais Johnson akaitisha ghafla mkutano wa waandishi ili kamera zimwache mama yule. Haikufaa kitu, usiku ule ule vituo vilirusha maneno yake tena na nchi nzima ikasikia. Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi Agosti 1965. Ndiyo kusema kwamba kwa wanawake wengi wa Marekani waliofanana na sisi kwa rangi, kura ya kweli ni ya juzi, baada ya Kenya kupata uhuru wake. Nani basi aliyezaliwa nayo?

Na mali? Mwaka 1967 huko Boise, jimbo la Idaho, kijana mmoja alifariki akiacha vitu visivyofika thamani ya dola 1,000. Wazazi wake walikuwa wametengana, na kila mmoja aliomba kusimamia mirathi. Sheria ya jimbo ilisema kwamba wanapolingana, mwanamume atangulizwe. Mama, Sally Reed, alikataa, akapanda mahakama moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, ambako Ruth Bader Ginsburg, aliyekuja kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo mwaka 1993, alishiriki kuandika hoja zake. Novemba 1971 majaji wote kwa kauli moja waliamua kwamba sheria ile haikubaliani na katiba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuibatilisha sheria kwa sababu ya kumbagua mwanamke. Mwaka 1974 bunge lilipiga marufuku kumnyima mtu mkopo kwa sababu ni mwanamke au kwa sababu ya ndoa yake. Kabla ya hapo lilikuwa jambo la kawaida kwa benki za Marekani kudai sahihi ya mume. Hata hivyo katika baadhi ya majimbo mwanamke mwenye biashara aliendelea kutakiwa alete ndugu wa kiume kumdhamini, mpaka sheria nyingine ilipopitishwa mwaka 1988.

Hiyo ya mwisho naijua bila kuisoma. Mwaka 1986 boriti za dari ya nyumba ya bibi yangu zilikuwa zimeliwa na mchwa, na mimi, mwalimu mwenye mshahara, mjane wa miaka miwili, nilikwenda kuomba mkopo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani hakuwa mtu mbaya. Alinigeuzia fomu, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mstari wa chini kabisa uliokuwa ukisubiri jina la mwanamume. Nilirudi na mdogo wangu, kijana wa miaka 22 ambaye alikuwa hajapata kazi. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikamtazama akiandika, kidole gumba kikipanda juu ya kidole cha shahada, kosa nililojaribu kumwondolea tangu alipokuwa na miaka mitano nikimfundisha kuandika alifu na be. Mkopo ulitoka. Dari ilijengwa. Lakini nilipotoka pale sikuweza kuzungumza naye mpaka tukafika nyumbani, na yeye, Mungu amjalie kheri, alielewa, hakuniuliza.

Msomaji mwenzangu angesema kwamba mstari ule ulikuwa mila yetu. Hapana. Bibi yangu hakuuliza sahihi ya mtu alipoipangisha orofa ya chini ya nyumba yake.

Wako wanaotarajia nitaje orodha ya wanawake wa kwanza wa Marekani, nami nitaitaja kwa ufupi: Frances Perkins aliyeingia baraza la mawaziri mwaka 1933, Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa bungeni, mwaka 1968, aliyegombea tiketi ya urais mwaka 1972, Sandra Day O'Connor aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1981, Sally Ride aliyekwenda anga za juu mwaka 1983, Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda huko, mwaka 1992, Kamala Harris aliyekuwa makamu wa rais mwaka 2021. Nawaheshimu wote, ila kwa maoni yangu orodha hizi zimewachosha wanafunzi na kuwaficha akina Hamer. Kuna jambo ambalo huwashangaza zaidi. Rekebisho la kutamka wazi katika katiba ya Marekani kwamba mwanamke na mwanamume ni sawa lilipelekwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1923, likapitishwa na bunge mwaka 1972, na muda wa kuidhinishwa ulipokwisha mwaka 1982 lilikuwa na majimbo 35 tu kati ya 38 yaliyotakiwa. Virginia iliidhinisha mwaka 2020, baada ya muda, na hadi leo rekebisho hilo halijachapishwa kuwa sehemu ya katiba. Yetu ya mwaka 2010 inalitamka katika kifungu cha 27. Kwa maandishi, Kenya imeitangulia Marekani.

Kwa maandishi tu. Kifungu hicho hicho kimeagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na bunge letu halijawahi kulitimiza hilo. Hapa mtaani kwangu Langoni nawajua wanawake watatu waliorithi kwa haki, kadhi amewagawia, fungu limetajwa mbele ya mashahidi, na bado hati ya nyumba ina jina la kaka au la mjomba aliyefariki, kwa sababu nauli, aibu au maneno ya jamaa yaliwazuia kwenda kulibadilisha. Mmoja wao aligundua siku alipoambiwa kwamba nyumba imewekwa rehani. Hali yake ndiyo iliyokuwa hali ya Bi Hamer: haki anayo, karani hana habari nayo. Kwa hiyo namwomba msomaji mwenzangu wa Malindi, badala ya kutuonya dhidi ya Wamarekani, aitazame hati ya nyumba ya mama yake na ya dada zake aone imeandikwa jina la nani.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Kila Machi gazeti lako huwaandikia wanawake ukurasa wa pongezi na picha. Tupe nafasi hiyo katika kurasa za elimu, Jumamosi nne, tuwaandikie wanafunzi historia hii kwa Kiswahili, ya huko na ya huku, pamoja na maelezo ya namna mrithi anavyobadilisha jina katika hati ya ardhi, ofisi kwa ofisi. Wawili kati ya wasichana walioishika ile kofia sasa ni walimu. Mmoja amekubali kuandika juu ya Fannie Lou Hamer na mwingine juu ya Mekatilili, na makala zao ziko tayari. Nitazituma kwa basi la asubuhi siku utakaponijibu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu